Moja, Tatu, Sita, Moja: Mti wa Namba Ndani ya Mitandao

Msikilizaji, kama una kalamu karibu, andika namba hii. Moja, tatu, sita, moja, mbili, moja, thelathini na tatu, moja, mbili, tatu, sufuri. Na kati ya kila namba na mwenzake weka nukta. Ukimaliza utakuwa na 1.3.6.1.2.1.33.1.2.3.0. Kwenye karatasi inafanana na namba ya akaunti iliyorefushwa bila sababu. Ukiituma kwa njia ya mtandao kwenye UPS, yaani lile sanduku la betri linaloshikilia seva na ruta umeme unapokatika, inakuwa swali: zimebaki dakika ngapi kabla betri haijaisha? Sanduku likijibu 14, fundi anajua ana dakika 14 za kuwasha jenereta au kuzima mashine kwa utaratibu.

Swali hilo halibadiliki. UPS iwe imetengenezwa Taiwan au Ufaransa, iwe chini ya meza ya mapokezi ya zahanati Bukoba au kwenye chumba cha mitambo cha benki mjini Mombasa, mradi mtengenezaji amefuata kiwango kilichochapishwa Mei 1994, namba ni hiyohiyo na maana ya jibu ni hiyohiyo. Aliyetengeneza sanduku na anayeliuliza hawajawahi kuonana. Wanaelewana kwa sababu kuna makubaliano juu ya utambulisho wa kila kitu kinachosimamiwa ndani ya mtandao, na mazungumzo ya leo yanahusu makubaliano hayo: nani ana haki ya kutoa namba, namba ikishatolewa inalindwaje, na ni wapi utaratibu wenyewe hukwama.

Lugha inayobeba maswali ya namna hii huitwa SNMP, itifaki ya kusimamia mitandao iliyochapishwa kwa mara ya kwanza Agosti 1988. Waandishi wake ni wanne: Jeffrey Case, Mark Fedor, Martin Schoffstall na James Davin, walewale ambao Novemba 1987 walikuwa wametoa itifaki ndogo ya kuangalia ruta za intaneti. Upande mmoja kuna kituo cha usimamizi, yaani kompyuta ya fundi. Upande wa pili, ndani ya kila kifaa, kuna programu ndogo inayoitwa wakala, ambayo kazi yake ni kusikiliza kwenye poti ya UDP namba 161. Kituo kinauliza, wakala anajibu. Mara mojamoja wakala hupaza sauti bila kuulizwa, labda waya umekatika au joto limepanda, na taarifa hiyo huelekezwa kwenye poti 162. Vitenzi vya lugha hii ni vichache mno: nipe, nipe kinachofuata, badilisha, nakutaarifu. Kazi ngumu iko kwenye nomino. Nipe nini?

Tuisome ile namba kutoka kushoto. Fikiria mti uliopinduliwa, shina juu, matawi yakishuka. Shinani kuna matawi matatu tu: 0 la shirika la kimataifa la mawasiliano ya simu, ITU, 1 la shirika la kimataifa la viwango, ISO, na 2 la mashirika hayo mawili kwa pamoja. Yetu inaanza na 1, basi tuko kwa ISO. Chini ya ISO, 3 ni tawi la mashirika yaliyotambuliwa. Chini yake, 6 ni Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Chini ya wizara hiyo, 1 ni intaneti. Chini ya intaneti, 2 ni usimamizi, na chini ya usimamizi, 1 ni ule mkusanyo mkuu wa vitu vya kusimamiwa uitwao MIB-2. Humo, 33 ni UPS, 1 ni vitu vyenyewe, 2 ni kundi la betri, 3 ni dakika zinazokadiriwa kubaki. Sufuri ya mwisho ina kazi yake, nitaifikia.

Msikilizaji wa pwani hapa hatapotea. Salim wako wengi mjini. Salim bin Ali bin Khamis ndiye yule mmoja tunayemtafuta. Mti huu unafanya vivyo hivyo, ila nasaba yake huanza kutajwa kwa babu wa juu kabisa, mtoto akaja mwisho.

Wengi hushangaa kumkuta babu mmoja kwenye nasaba hiyo ni Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Wizara hiyo ndiyo iliyogharimia ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, kwa hiyo kuwepo kwake kunaeleweka. Lakini hati ya mwanzo ya mpangilio huu, iliyoandikwa na Marshall Rose na Keith McCloghrie, ina jambo la kupendeza. Inasema wazi kwamba wizara ilikuwa bado haijaeleza itasimamiaje tawi lake la 6, na kwamba waandishi wanachukulia kuwa itawapa watu wa intaneti kijitawi kimoja. Wakachukua namba 1, wakaanza kazi. Zaidi ya miaka 35 baadaye, kila swichi, kila printa na kila kifaa cha mnara wa simu kinachozungumza lugha hii kinaitaja wizara hiyo katika kila jibu, ingawa wizara yenyewe haina inachofanya hapo. Angetokea mtu leo akataka kuusafisha mti kwa kulihamisha tawi la intaneti mahali panapopendeza zaidi, angevunja mawasiliano na vifaa visivyohesabika. Kwa hiyo hakuna anayeligusa, na mimi naona ni busara.

Nasema ni busara kwa sababu ndilo sharti ninalolipenda kuliko yote katika mpangilio huu: namba ikishatolewa kwa kitu, haipewi kitu kingine. Kitu kinaweza kuzeeka. Kinaweza kutangazwa kuwa kimepitwa na wakati, kisha kuwa kimeachwa kabisa. Namba yake inazikwa nacho. Mwaka 1988 viongozi wa kiufundi wa intaneti waliamini kwamba SNMP ni ya muda tu, na kwamba baadaye itifaki nzito zaidi kutoka upande wa ISO, CMIP, ingechukua nafasi yake. Ndiyo maana walitaka vitu vitajwe kwa namna itakayofaa pande zote mbili, na wakatumia mti wa ISO. Ndani ya MIB-2 wakatenga tawi namba 9 kwa ajili ya mgeni huyo aliyesubiriwa. Hakuja kwenye intaneti. Tawi namba 9 liko pale hadi leo, na hakuna mwingine aliyepewa. Jirani yake, kundi namba 3 la kutafsiri anwani, limetajwa kuwa limepitwa na wakati katika hati ya MIB-2 ya Machi 1991, nalo halikurithiwa na yeyote. Mapengo hayo ndiyo yanayomhakikishia fundi wa leo kwamba hati ya 1991 bado inasema kweli.

Sasa nani anatoa namba? Jibu ni zuri: kila mwenye tawi hutoa namba za chini yake, na haombi ruhusa ya mtu mwingine. Kuna tawi 1.3.6.1.4.1 lililowekwa kwa ajili ya kampuni na taasisi. IBM ni 2 hapo, Cisco ni 9, HP ni 11, Microsoft ni 311, Huawei ni 2011, MikroTik ni 14988. Namba hizo hutolewa na IANA, ofisi inayotunza rejista za intaneti, bila malipo, kwa yeyote anayejaza fomu. Chuo kikuu, benki, halmashauri ya jiji, kijana mwenye karakana anayeunda vipima joto vya maghala ya mahindi, wote wanaruhusiwa kuomba. Ukishapata yako, kila kilicho chini yake ni mamlaka yako. Ukiamua kwamba 1 ni joto na 2 ni unyevu, ni wewe umeamua, na haiwezekani pakatokea mwingine duniani akagongana nawe. Hakuna daftari moja kuu ambalo lazima lipitiwe kila kitu kipya kinapozaliwa. Ingekuwa daftari ni moja, kazi ya kuvitambulisha vifaa vyote vya dunia ingekwama kwenye foleni ya karani.

Mti huu una wapangaji wengine pia, na wengi wetu tunaugusa bila kujua. Cheti cha kidijitali kinacholinda tovuti ya benki yako kinataja nchi ya mwenye cheti kwa namba 2.5.4.6. Picha za CT hospitalini husafirishwa kwa kiwango cha DICOM, ambacho vitambulisho vyake huanza na 1.2.840.10008, hiyo 840 ni namba ya Marekani katika orodha ya nchi ya ISO, orodha ambayo Tanzania ni 834 na Kenya ni 404.

Turudi kwenye mitandao, kwenye ile sufuri. Mti unataja kitu kwa jumla: dakika za betri, popote betri ilipo. Ndani ya kifaa fulani kuna thamani halisi, nayo inahitaji kutajwa kuwa ni ipi. Kitu kikiwa kimoja tu ndani ya kifaa, namba yake huongezewa 0 mwishoni, basi. Lakini swichi ya poti 48 ina vihesabio 48 vya baiti zilizoingia. Hapo hutumika jedwali. Baiti zilizoingia ni 1.3.6.1.2.1.2.2.1.10, ongeza 3 mwishoni upate za poti yenye namba ya mstari 3, ongeza 17 upate za mstari wa 17. Jedwali la miunganisho ya TCP ni la kisomi zaidi. Mstari wake haupewi namba ya foleni. Unatambuliwa kwa anwani ya hapa, poti ya hapa, anwani ya kule na poti ya kule, vyote vikibandikwa mwishoni, jumla namba 10 za ziada. Ni mkia mrefu, lakini ukiusoma unajua muunganisho ni upi bila kumwuliza mtu, kwa sababu utambulisho umetoka ndani ya kitu chenyewe. Naomba uishike tofauti hiyo kati ya majedwali haya mawili, kwa maana ndipo maumivu yalipo.

Kabla ya maumivu, utamu kidogo. Kwa kuwa kila thamani ina namba na namba zina mfuatano, wakala anaweza kuulizwa kipi kinafuata baada ya hiki. Fundi anaanza na 1.3.6.1.2.1.1, kundi la mfumo, bila kujua kifaa kina nini. Anauliza kinachofuata, anapata maelezo ya kifaa. Anauliza tena, anapata utambulisho wa aina ya kifaa, ambao nao ni njia kwenye mti huuhuu: ukianza na 1.3.6.1.4.1.9, uko mbele ya kifaa cha Cisco. Tena, muda uliopita tangu wakala awashwe, ukihesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde. Tena, mtu wa kuwasiliana naye. Tena, jina la kifaa. Tena, mahali kilipo. Hatua kwa hatua anavuka hadi kwenye poti, anwani, njia, hadi mti unapokwisha. Mafundi husema wanautembea mti. Namba hulinganishwa mojamoja, kwa hiyo 10 huja baada ya 9, tofauti na mafaili yaliyopangwa kialfabeti ambapo 10 hujipenyeza kabla ya 2. Kutembea hatua mojamoja huchosha kwenye kiungo cha satelaiti, ambako kila swali hupanda angani na kushuka, na toleo la pili la itifaki mwaka 1993 likaongeza ombi la kuchota vitu vingi kwa mkupuo mmoja.

Nimetaja satelaiti kwa makusudi. Julai 2009 kebo ya SEACOM ilipoanza kazi, ikifika Dar es Salaam na Mombasa, upana wa viungo vyetu ulibadilika, na hapo udogo wa kitu kimoja kwenye mti ukaonekana. Kihesabio cha baiti zilizoingia, kile cha MIB-2, kina biti 32. Kinahesabu hadi 4,294,967,295, kisha kinarudi sufuri na kuendelea. Kwenye kiungo cha megabiti 2 kwa sekunde, kiungo cha kujivunia enzi za satelaiti, kikiwa kimejaa kabisa kihesabio huchukua karibu saa tano kuzunguka. Kwenye gigabiti 1 huzunguka kila sekunde 34.

Chukua programu ya kuchora grafu kama MRTG, aliyoianzisha Tobias Oetiker mwaka 1995, ambayo kwa kawaida huuliza kila baada ya dakika 5. Ndani ya dakika hizo, kiungo cha gigabiti kilichojaa hupitisha baiti bilioni 37.5. Kihesabio kimezunguka mara nane na kuanza mara ya tisa. Programu inaona masalia tu, inagawa kwa sekunde 300, inachora megabiti 84 kwa sekunde. Kiungo kinakaribia kupasuka, grafu inaonyesha kimelala. Mkubwa wa idara anaangalia grafu na kuuliza kwa nini watumiaji wanalalamika. Hakuna mwongo hapo. Kila kifaa kimejibu sawasawa na swali lililoulizwa.

Tazama namna tatizo lilivyotatuliwa. Kihesabio cha zamani hakikupanuliwa. Kilikuwa kimetolewa kikiwa na biti 32 na kikaachwa hivyohivyo, na kikaundwa kitu kipya chenye biti 64 kwenye tawi jingine, 1.3.6.1.2.1.31.1.1.1.6. Kwenye gigabiti 1 kipya hiki kingehitaji zaidi ya miaka 4,600 kuzunguka. Vyote viwili vinaishi ndani ya swichi moja, cha zamani kwa ajili ya programu za zamani, kipya kwa anayekijua. Toleo la kwanza la itifaki haliwezi kukibeba kipya, kwa hiyo grafu ya kiungo kipana ikikutia shaka, angalia kwanza programu yako inauliza kwa toleo gani na inauliza kitu gani.

Hapo ndipo utaratibu ulipofanya kazi yake vizuri. Sasa maumivu. Poti zilipewa namba za mistari, 1, 2, 3, na sharti lilikuwa dogo sana: namba isibadilike tangu wakala awashwe hadi awashwe tena. Baada ya hapo, lolote linaweza kutokea. Mwaka 1991 hilo lilitosha. Kifaa kilikuwa na poti chache zilizofungwa kiwandani. Leo ruta ina kadi zinazochomolewa na kuchomekwa, na poti za kufikirika zinazozaliwa na kufa kwa amri moja. Umeme unakatika usiku, ruta inazima, inawaka tena, na kiungo cha tawi la benki kilichokuwa mstari wa 12 sasa ni mstari wa 14. Nafasi ya 12 imeshikwa na kiungo cha ofisi nyingine. Programu ya usimamizi inaendelea kuuliza 12 kwa uaminifu wote. Grafu haikatiki, rangi ni ileile, kichwa cha habari ni kilekile, na takwimu ni za mtu mwingine. Kosa hili ni baya kuliko kutojibiwa, kwa sababu ukikosa jibu utastuka, na hapa hustuki mpaka mteja alete malalamiko ya bili au mtu atanue kiungo kisichohitaji kutanuliwa.

Viraka vipo. Mwaka 1994 mistari iliruhusiwa kuwa na mapengo, ili kadi iliyochomolewa isilazimishe wengine kusogea. Watengenezaji wengi wa ruta wakaweka amri ya kuhifadhi namba za mistari hata kifaa kikizima. Mwaka 1997 kukaongezwa kitu cha thamani kubwa: nafasi ya herufi 64 kwa kila poti, ambamo fundi huandika jina lake mwenyewe, na kifaa kinatakiwa kulikumbuka hata baada ya kuzimwa. Andika humo kiungo kinaelekea wapi na ni cha mteja gani, kisha iambie programu yako itafute jina hilo kwanza ndipo iulize namba. Ni kazi ya dakika chache kwa poti, na naisisitiza kwa kila fundi anayenisikia, kwa sababu hakuna kiwango cha kimataifa kitakachoifanya kwa niaba yako.

Hali ni hiyohiyo kwenye vile vitu viwili tulivyopita wakati wa kuutembea mti, mtu wa kuwasiliana naye na mahali kifaa kilipo. Hati ya 1991 ilitoa hata mfano: kabati la simu, ghorofa ya 3. Waandishi walimfikiria mtu anayepanda ngazi akiwa na bisibisi mkononi. Kwenye vifaa vingi sehemu hizo ni tupu. Kifaa kinaweza kukueleza idadi ya pakiti zilizoharibika hadi moja ya mwisho, na hakiwezi kukueleza kiko jengo gani. Ukiwa unazijaza, badilisha pia neno la kuingilia lililotoka kiwandani, ambalo mara nyingi ni "public" na linajulikana dunia nzima. Au afadhali uhamie toleo la tatu, lililokamilishwa Desemba 2002, ambalo lina watumiaji wenye siri zao na husimba mazungumzo.

Kuna jambo la ununuzi ambalo nataka wakuu wa idara walisikie. Kinachosafiri kwenye waya ni namba na thamani peke yake. Uliza UPS yako 1.3.6.1.2.1.33.1.4.1.0, nayo itakujibu, tuseme, 5. Tano nini? Maana imeandikwa kwenye faili la MIB: 3 ni umeme wa kawaida, 5 ni betri. Faili hilo ni maandishi ya kawaida, na kwa kila kitu hutaja jina, aina ya thamani, kama ni cha kusoma tu au kubadilishwa, kama bado kinatumika, pamoja na maelezo kwa sentensi za kawaida. Mafaili ya vitu vya MIB-2 yanapatikana bure. Vilivyo chini ya tawi la mtengenezaji, ni yeye mwenye faili. Ukinunua kidhibiti cha jenereta cha mnara wa simu bila kupewa faili lake, umenunua kitu kinachoongea usichokielewa: kinasema 3, na 3 inaweza kuwa dizeli imekwisha au dizeli imejaa. Faili la MIB liandikwe kwenye masharti ya zabuni, kabla ya malipo. Baada ya malipo, kumpata mtu wa kukutumia faili ni shughuli ya miezi.

Uwanja huu umeendelea kusogea. Juni 2002 watengenezaji wa itifaki walikaa na waendeshaji wa mitandao, na waendeshaji wakasema bila kuzunguka: SNMP inatufaa kwa kuangalia, haitufai kwa kubadilisha mipangilio. Kutokana na kikao hicho ikaja NETCONF mwaka 2006, na mwaka 2010 lugha ya YANG ya kueleza vitu. Katika YANG kitu hutajwa kwa njia ya majina, kama folda ndani ya folda, na poti hutambuliwa kwa jina lake kwenye kifaa. Lile jeraha la 12 kugeuka 14 limetibiwa kwenye mzizi. Machi 2014 wasimamizi wa viwango vya intaneti wakashauri zisitungwe MIB mpya za kubadilishia mipangilio isipokuwa pale penye sababu ya wazi.

Lakini majina ni marefu. Mita ya maji inayotumia betri ndogo kwa miaka, ikituma baiti chache kwa redio dhaifu, haiwezi kutamka njia nzima ya majina kila inapojibu. Kwa hiyo namba zimerudi. Kanuni mbili, moja ya Julai 2022 na nyingine ya Julai 2024, zinaipa kila nomino ya YANG namba moja nzima isiyo na nukta, iitwayo SID. IANA hutoa mafungu ya namba milioni moja, na mwenye fungu hugawa ndani yake, kwa hiyo mamlaka yamegawanywa kama kwenye mti wa zamani. Nasaba ndiyo iliyopotea. Ukiona 1.3.6.1.4.1.14988 mwanzoni mwa jibu, hata kama huna faili lolote, unajua uko nyumbani kwa MikroTik na unajua wa kumwuliza. Ukiona SID peke yake, itakubidi ufungue rejista kwanza ujue ni ya nani. Kwa mita ya maji nakubali gharama hiyo. Baiti zake ni chache na betri haina wa kuichaji. Kwa ruta iliyoko kwenye kabati lenye umeme na kebo ya gigabiti, naona ile namba ndefu yenye nukta, au jina kamili, bado inamfaa zaidi fundi anayeitwa usiku kwenye kifaa ambacho hajawahi kukiona.